Mguu wa mbuzi kwa masomo matatu: mifupa, ukuaji na visukuku

Mwalimu mwenzangu wa biolojia hapa Goma, kukosa maabara kusikufanye uandike tu ubaoni. Mguu wa mbele wa mbuzi, kuanzia goti hadi kwato, huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu hauna nyama, nao unabeba sura tatu za kitabu: mfumo wa mifupa, ukuaji wa mwili, na visukuku (mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa ardhini). Zote tatu zinasimama juu ya jambo moja: mfupa umejengwa kwa vitu viwili, madini na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Madini ni kama theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu. Kila hatua hapa chini inarudi kwenye vitu hivyo viwili, na mimi huwarudisha wanafunzi hapo mara kwa mara.

Hatua ya 1: Nunua mifupa inayofaa

Sokoni Virunga au kule Birere, mwambie mchinjaji mapema asiikate miguu kwa shoka. Unataka miwili ya mbuzi mchanga na mmoja wa mbuzi mzima. Umri usiuulize, tazama meno. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Ya chini yako manane. Yakiwa yote ni madogo ya maziwa, mnyama ni wa karibu mwaka mmoja au chini yake. Yakiwa yote manane ni mapana, amezidi miaka mitatu. Ongeza ubavu mmoja wa mbuzi na mfupa wa mguu wa kuku.

Chagua nyama iliyokaguliwa. Darasani kuwe na sabuni, maji na glavu, na meza ioshwe kwa maji yenye javeli (dawa ya klorini ya kuua vijidudu) kidogo.

Hatua ya 2: Waonyeshe kwamba "goti" si goti

Kabla ya kukata chochote, mwanafunzi mmoja akunje mguu, mwingine akunje mkono wake. Goti la mguu wa mbele wa mbuzi ni kifundo cha mkono wetu. Mfupa mrefu ulio chini yake unalingana na mifupa miwili ya kiganja chetu, ule wa kidole cha kati na ule wa kidole cha pete, iliyoungana ikawa mmoja. Mfereji mdogo unaopita katikati ya mfupa kwa urefu ni alama ya muungano huo, na upande wa chini mfupa unagawanyika tena kuwa vichwa viwili, kila kimoja na kwato yake. Wape muda wa kupapasa wenyewe. Baada ya hapo mchoro wa kitabu hausumbui tena.

Hatua ya 3: Chemsha

Weka mguu mmoja mchanga na ule wa mbuzi mzima ndani ya sufuria, juu ya mbabula (jiko la makaa), mpaka ngozi na kano zitoke bila kuvuta. Inachukua saa kadhaa, kwa hiyo ifanye nyumbani usiku wa kuamkia somo. (Makala, yaani makaa, yamepanda bei, najua. Walimu wawili wakichangia sufuria moja, inawezekana.)

Mfupa wa mbuzi mzima utabaki kitu kimoja. Wa mbuzi mchanga utaachia vichwa vyake vya chini, na mahali vilipokuwa vimeshika utaona uso wenye mikunjo. Hapa ndipo somo la ukuaji lilipo, usilipite haraka. Kati ya kichwa na mwili wa mfupa kulikuwa na tabaka la gegedu, kitu laini kuliko mfupa, kama kile cha ndani ya sikio. Seli za gegedu hilo huzaana na kusukumana, kisha zile za upande wa mwili wa mfupa hufa na nafasi yao huchukuliwa na mfupa wenye madini. Mfupa unarefuka hapo tu. Katikati yake haurefuki, unanenepa. Gegedu lote likishageuka mfupa, urefu umekwisha.

Wanafunzi watauliza kuhusu wao wenyewe, na wana haki. Wasichana kwa kawaida hufunga gegedu hilo mapema kuliko wavulana, kama miaka miwili hivi. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande karibu 300 vya mfupa na gegedu. Mtu mzima ana mifupa 206, kwa kuwa vingi vimeungana.

Hatua ya 4: Kata mguu mbichi uliobaki

Tumia msumeno wa chuma, mfupa ukiwa umefungwa kitambaa ili usiteleze. Kata kwa urefu, lakini usifuate mfereji wa katikati, maana utatokea kati ya vichwa viwili na hutaona kitu. Sogea pembeni kidogo ili msumeno upite ndani ya kichwa kimoja. Utaona mstari mweupe wa gegedu ukikatiza, mfupa mgumu kando, mfupa wenye vitundu karibu na ncha, na uboho katikati. Uboho wa mguu wa chini una mafuta mengi. Vunja ubavu: humo uboho ni mwekundu, na humo ndimo chembe za damu zinatengenezwa.

Hatua ya 5: Siki na moto

Tumbukiza mfupa wa kuku ndani ya chupa ya siki. Usikaze kifuniko, kwa sababu asidi ikikutana na madini hutoa gesi. Badilisha siki baada ya siku tatu. Baada ya wiki hivi mfupa unapinda bila kuvunjika: madini yameyeyuka, kolajeni imebaki.

Kipande cha ubavu, kiweke kwenye makala mekundu, nje, upande ambao moshi hauingii darasani. Kitakuwa cheusi, kisha kijivujivu hadi cheupe. Kikipoa, kinasagika kwa vidole: kolajeni imeungua, madini yamebaki.

Hatua ya 6: Kutoka mfupa hadi kisukuku

Sasa uliza: mnyama akifa, kipi kati ya vile viwili kitadumu? Kolajeni huozeshwa na bakteria. Madini yanaweza kubaki, mfupa ukifunikwa upesi na matope au mchanga, na maji ya ardhini yakapitisha madini mengine ndani ya vitundu vyake. Udongo wenye asidi, kama ule wa misitu mingi ya mvua, hufanya ilichofanya siki: huyeyusha madini.

Paka mfupa mafuta, ukandamize kwenye udongo wa mfinyanzi, uutoe, kisha mimina jasi (sehemu mbili za unga kwa moja ya maji). Ikikauka, una alama tupu kwenye udongo na umbo kamili la jasi. Visukuku vingi vya konokono na majani ni vya namna hizo.

Hapa Goma mwanafunzi ataleta jiwe jeusi akitafuta mfupa ndani yake. Mweleze kwamba lava ya volkano yetu Nyiragongo, ya mwaka 1977, 2002 au 2021, ilitoka ikiwa na joto karibu au zaidi ya digrii 1,000, na wamekwisha kuona kwenye mbabula moto unavyofanya. Ila lava ikizunguka shina la mti na kuganda, mti huungua na tundu lenye umbo lake hubaki. Mifupa itafutwe kwenye matabaka ya ziwa na mto. Kule Ishango, pale Semliki inapotoka Ziwa Edward, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akapata chusa (ncha za kuvulia samaki) za mfupa, na mfupa mmoja wenye mikato unaokadiriwa kuwa na miaka 20,000, uliohifadhiwa Brussels.

Hatua ya 7: Hifadhi

Mifupa iliyochemshwa ikauke juani, iandikwe umri wa mbuzi, iwekwe kwenye katoni kwa darasa la mwakani. Ule wa siki huoza ukiachwa wazi. Uweke ndani ya spiriti, au tengeneza mwingine.