Kabla ya kumleta mjusi chui nyumbani

Mjusi chui, anayeitwa leopard gecko kwa Kiingereza, si yule mjusi kafiri wa ukutani tuliyemzoea. Huyu ana kope na hufumba macho akilala, na vidole vyake havinati ukutani; ana kucha tu. Kwao ni nyika kavu za mawe za Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. Mtoto anayekulilia umnunulie leo atahama nyumbani, mjusi abaki nawe, kwa hiyo jiulize kwanza kama wewe mwenyewe unamtaka.

Ukisharidhika, tayarisha makazi kabla ya kununua mnyama. Nasema hivi kwa uchungu. Wa kwanza nilimleta siku ile ile niliyoleta sanduku lake, muuzaji akinihakikishia kuwa taa moja inatosha. Alikula wiki mbili, kisha akaacha, na mkia anaohifadhia mafuta ukaanza kukonda. Nilipopima sakafu chini ya taa nilikuta nyuzi 24. Mjusi hutegemea joto la nje. Asipopata pahali pa moto pa kulalia, chakula hakisagiki tumboni, kiwe kizuri namna gani.

Sanduku la kioo la mjusi mmoja mzima liwe na urefu wa sentimita 90 hivi na upana wa 45. Upande mmoja sakafu ifike nyuzi 32 hivi, upande wa pili 24 hadi 26, achague mwenyewe. Uchague taa au mkeka wa joto, usiwashe bila thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, maana mkeka usiodhibitiwa unaweza kumuunguza tumbo. Washa kila kitu siku tatu nne kabla hajafika, upime asubuhi, mchana na usiku pale pale atakapolala. Vipimajoto vya kubandika kwenye kioo havikuambii joto la sakafu.

Chini tandika karatasi za jikoni au vigae. Mchanga mtupu uache, hasa kwa mdogo: akiumeza pamoja na mdudu unaweza kumziba utumbo. Weka maficho matatu: upande wa joto, upande wa baridi, na moja lenye karatasi iliyoloweshwa. Hilo la tatu wengi hulisahau, nami ndilo ninalolisisitiza. Akikaribia kujivua gamba rangi yake hufifia kama aliyepakwa unga, kisha huivuta ngozi kwa mdomo na kuila. Asipopata unyevu, ngozi hubaki kidoleni kama uzi mweupe, hukaza, damu haipiti, kidole hukatika. Ukiuona uzi huo, mweke kwenye maji ya vuguvugu yanayofika miguuni tu kwa dakika kama 15, halafu uusugue taratibu kwa kijiti cha pamba.

Hali mboga wala matunda. Anataka wadudu walio hai: nyenje, mende wa dubia, funza wa unga. Tafuta pa kuwapata, na uwaulize wa nyumbani kwako kama watavumilia kopo la nyenje wanaolia usiku. Mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Walishe wadudu karoti na majani siku moja kabla, kisha wapake unga wa kalisiamu. Bila kalisiamu na vitamini D3 mifupa hulegea, miguu ikapinda. Mdogo hula kila siku, mzima kila baada ya siku mbili au tatu. Nyenje waliobaki watoe, humng'ata akilala.

Madume wawili usiwaweke pamoja, watapigana. Usimshike mkia, anaweza kuuachia. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa, kwani reptilia hubeba bakteria wa salmonela, na watoto chini ya miaka mitano wasimshike. Mtafute mapema daktari wa wanyama anayetibu reptilia. Si wote wanaowatibu.

Akifika, mwache wiki nzima bila kumshika. Asipokula siku mbili tatu za mwanzo usihangaike. Mpime kwa mizani ndogo ya jikoni, andika gramu zake na tarehe, urudie kila wiki.