Unataka kuripea nyumba ya kale Lamu? Soma hii kabla fundi hajashika nyundo

Nyumba iliyo ndani ya mji wa kale, iwe mtaa wa Mkomani au Langoni, hata kama hati ina jina lako huwezi kuigeuza unavotaka. Mji ulitangazwa kulindwa kwenye gazeti la serikali 1986, ukaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, na sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inasema kuharibu au kugeuza jengo lililolindwa bila ruhusa ni kosa. Wengi wanaijua sheria siku wamesimamishwa kazi, paa liko wazi na mvua haingoji barua.

Anza na wenye nyumba wenyewe. Nyumba zetu nyingi ni za mirathi, mmoja yuko hapa, mwengine Mombasa, mwengine Maskati, sasa ukienda ofisini kwa jina lako peke yako halafu binamu akapinga, kazi inalala. Pata saini zao wote. Kama ni wakfu mtafute msimamizi. Na kama nyumba ina wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro, ongea na jirani mapema manake boriti zako zimelalia ukuta wake.

Kisha piga picha kila kitu kabla hujagusa: daka (ule ukumbi wa mlangoni), mlango, kila kidaka (kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu) na nakshi yake, dari hadi boriti zionekane, na ile sehemu iliyopasuka weka rula pembeni. Uende nazo kwa watu wa uhifadhi wa Makumbusho KABLA hujalipa mtu akuchoree plani. Hapa ndo wengi tunapokosea, tunapeleka plani imekamilika tukitaka mhuri tu, ikikataliwa tunaona tumeonewa. Waulize waje waione nyumba, utembee nao chumba kwa chumba, waambie shida yako ni nini, choo cha ndani, stima, watoto wameongezeka. Choo na stima mara nyingi mnaelewana. Ugumu unakuja kwenye urefu wa nyumba, sura ya mbele, mlango, na kuta za zidaka. Plani ikishakaa sawa ndo uipeleke kaunti kwa kibali cha ujenzi, usidhani kimoja kinatosha.

Sasa vifaa, na hapa naomba mnisikilize sana. Ukuta wetu ni matumbawe na chokaa, unavuta unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji umeuziba, maji na chumvi zinabaki ndani. Nyumba ya shangazi yangu fundi mmoja aliipiga plasta ya saruji chumba cha chini, ikang'aa, kila mtu akasifu, baada ya misimu miwili ya masika plasta ikafura kama mkate wa mofa, ukigonga unasikia uwazi, na ilipobanduliwa ikatoka na ngozi ya ukuta pamoja na kipande cha kidaka ambacho mpaka leo hakijarudishika. Kwa hiyo kwenye makubaliano na fundi andikeni kabisa: chokaa, si saruji. Na muulize chokaa yake imelowekwa muda gani, akisema ameinunua jana tafuta mwengine. Boriti pia, usiruhusu zikatwe ili chumba kipanuke, vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ni za mti wa mkoko na urefu wake ndo huo, ukitaka upana utaingiza chuma na zege na ukuta wa zamani haujajengewa mzigo ule.

Ukikataliwa usigombane mlangoni. Omba sababu kwa maandishi halafu uliza swali moja, "mngekubali nini badala yake?" Uliomba ghorofa ya zege, pengine watakubali banda la makuti juu. Tangi la maji, pengine wanataka tu lisionekane kutoka barabarani.

Na kama jengo ndo kwanza linatangazwa kulindwa, tangazo linatoa miezi 2 ya kupeleka pingamizi kwa waziri. Kulalamika barazani baada ya swala ya alasiri hakuhesabiwi, iandikwe, ipelekwe, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Ruhusa ikitoka toa kopi, moja akae nayo fundi pale pale kwenye kazi, ya asili iweke pamoja na hati ya nyumba na zile picha za mwanzo, watoto wako watazihitaji wakija kuripea tena.