Sedani ya kifahari na umri wako: jinsi ya kuchagua Crown, Mark X, Benz au BMW ya mtumba na kuishi nayo

Wakuu, swali ninaloulizwa sana na vijana ni moja, kaka nina hela hii hapa nichukue Toyota Crown, Toyota Mark X, Benz au BMW, na mimi huwa sitaji gari kwanza, nauliza una miaka mingapi, unaishi na nani, na hela yako inaingia kila mwezi au kwa msimu. Wengine wanaona kama nawakwepa ila ukweli ndo huo, sedani kubwa umri wa mwenye nayo unaamua kama itamfurahisha au itamkausha, mana hela, muda na safari za mtu wa miaka 26 sio za mtu wa 45 na sio za mstaafu. Naandika nikiifikiria Dar zaidi, ila mtu wa Arusha, Mombasa au Kampala atapata chake.

Kwanza jua gari lilitengenezewa nani. Crown ilianza kuuzwa Japani mwaka 1955 na kwa miaka mingi kule ilikuwa gari la mtu aliyefika, meneja, daktari, mkurugenzi anayeendeshwa. Mwaka 1983 Toyota waliitangaza kwa maneno yenye maana ya "ipo siku, Crown", yani kijana anaanza na gari dogo, anapanda taratibu, Crown inamkuta ana mvi. Baadaye wakaona wateja wao wanazeeka, ndo mana 2003 likaja toleo la S180 lile maarufu kama Zero Crown lenye injini mpya za V6 (silinda sita), Crown ya aina ya Athlete ikapewa sura ya ukali, na 2013 wakauza mpaka Crown ya pinki kwa muda mfupi ili vijana nao wageuke waangalie. Huku kwetu vijana hawakuhitaji kubembelezwa, gari la mzee wa Nagoya likishuka bandarini linapata mwenye miaka 27 anayetaka lingurume.

Na hii inakusaidia kwenye kununua. Gari likiwa Japani linakaguliwa kwa lazima, mara ya kwanza baada ya miaka 3 alafu kila baada ya miaka 2, kwa hiyo Crown Royal Saloon, ile ya starehe, iliyotoka kwa mzee wa kule mara nyingi imeshika. Kazi inaanza kwa mwenye wa pili na wa tatu wa huku, kafunga rimu za inchi 19, kakata springi ili ikae chini, kabadilisha ekzosi, oili anamwaga siku akikumbuka. Ukinunua gari ambalo tayari lina namba za Tanzania, mchunguze sana huyo wa Dar kuliko yule wa Japani.

Sasa kitu ambacho ningependa kila mtu akielewe kabla hajatoa hela: bei ya gari inashuka, bei ya spea haishuki. Mercedes E-Class W211 ilipotoka 2002 ilikuwa ya mtu mwenye mshahara wa mkurugenzi, leo unaikuta yadi kwa bei ya Toyota ndogo ya kawaida, ila zile springi za hewa, zile sensa, ile kompyuta ya gia boksi, zote bado zina bei ya gari la mkurugenzi. Mimi nasema hivi, ukishapata bei ya gari tenga robo yake pembeni kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Kama ukitenga hiyo robo gari halinunuliki tena basi hilo bado sio lako, shuka ngazi moja.

Kama uko kwenye miaka ya 20 mpaka 30 na kidogo

Wewe ndo nina maneno mengi na wewe. Una nguvu, una marafiki wanaokusifia, na mara nyingi hili ni gari lako la kwanza au la pili. Chukua Mark X au Crown ya injini ya lita 2.5, achana na Mjerumani mpaka ukae vizuri. Sio kwamba Mjerumani mbaya, hapana, BMW E90 (3 Series) ukiikuta nzima kwenye usukani inaishinda Mark X na wala sibishani kuhusu hilo, ila E90 ya 2.0 yenye injini ya N46 ikishachoka inavujisha oili, inatoa moshi wa bluu ukiiacha inaunguruma muda kidogo alafu ukakanyaga, na zile zenye N52 pampu ya maji ni ya umeme, ikifa haikupi muda, injini inachemka hapo hapo barabarani. Nyingi pia hazina tairi la spea mana zilitoka na tairi zinazotembea zikiwa hazina upepo, sasa pasukiwa na tairi usiku njia ya Chalinze uone.

Mark X ya kwanza (2004 mpaka 2009) na Crown S180 za 2.5 zinatumia injini moja, 4GR-FSE. Ni injini nzuri, ila inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta na masizi yanajijenga pale. Dalili ni sailensa, yani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, kucheza ukiwa umesimama kwenye foleni, gari kutetemeka asubuhi, nguvu kupungua. Ukiona hivyo usikimbilie kununua koili na plagi kwanza kama fundi wengi wanavyokuambia, uliza kwanza kama intake (njia ya kuingizia hewa) imewahi kufunguliwa na valvu kusafishwa. Injini ya 3.5 ya 2GR-FSE kwenye Athlete yenyewe ina nozeli za aina mbili kwa hiyo hilo tatizo linapungua, ila sasa mafuta utayalipia.

Na mafuta tuongee. V6 ya 2.5 kwenye foleni ya Mandela au Bagamoyo Road tegemea kilometa 7 mpaka 9 kwa lita, anayekuambia 14 alikuwa anashuka mlima. Tanzania ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo mwenye injini kubwa analipia kila akisimama kituoni. Piga hesabu ya wiki moja ya njia yako halisi, kazini na kurudi, kanisani au msikitini, kwa mchumba, alafu zidisha kwa 4 ndo uamue.

Kingine kwa vijana, kata bima kubwa. Najua wengi wanakata ile ndogo ili trafiki awaachie tu, ila gari hizi zinaendesha tairi za nyuma, mvua za Aprili barabara ikiwa na mafuta na mchanga ukikanyaga kwenye kona mkia unahama, na taa moja ya mbele ya Crown ikivunjika utaijua bei yake. Usizime ile mifumo ya kuzuia utelezi ili uonekane unajua kuendesha, tafadhali sana, tumeshazika vijana.

Miaka 35 mpaka 50

Hapa hela imetulia kidogo ila majukumu yamejaa, ada, watoto wa siti ya nyuma, mama mkwe wa Moshi kila Desemba. Huyu namwambia atazame Crown S210 ya hibridi, zile za kuanzia mwisho wa 2012. Kwenye vipimo vya Japani ilipewa kilometa 23.2 kwa lita, huku hutaipata hiyo, ila hata ukipata 13 au 14 mjini bado umeiacha V6 mbali. Sharti lake ni betri kubwa, iko nyuma ya siti na inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kwa hiyo lile tundu la hewa karibu na siti ya nyuma usilizibe na begi la shule wala kitambaa, na mwambie fundi asafishe feni yake. Kabla hujanunua ipimwe betri kwa mashine inayosoma kila fungu peke yake, sio ile ya kufuta taa ya injini. Buti pia ni dogo kuliko lile la Crown ya kawaida, mama mkwe aje na mzigo wa wastani.

Anayetaka Benz kwenye umri huu anaweza sasa, mana ana subira na ana hela ya dharura. W211 chukua za baada ya maboresho ya 2006, kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa na breki za umeme zinaitwa SBC, pampu yake inahesabu kila unapokanyaga na ikifika kikomo inawasha taa nyekundu na inataka kubadilishwa. Baada ya hapo walirudi kwenye breki za kawaida. W204, yani C-Class (2007 mpaka 2014), za 1.8 sikiliza sekunde za mwanzo ukiwasha asubuhi injini ikiwa baridi, ukisikia mkwaruzo wa chuma unaopotea, hiyo ni cheni ya taiming na gia zake za kemshafti, jadili bei au ondoka. Ufunguo nao ukichomeka na usukani ukagoma kufunguka, ni kifaa cha loki ya usukani kinakufa, hizi zinajulikana nacho. Spea za Wajerumani nyingi zinatoka Sharjah na Uingereza zikiwa zimetumika, injini nzima unapata, ila mwambie muuzaji akupe siku za kujaribu na akuandikie.

Njia mbovu pia. Crown inakaa juu ya lami kama sentimita 13 au 14, ukijaza watu watano ni chini ya hapo. Kama kwako mwisho wa lami bado kuna kilometa mbili za makorongo huko Goba ndani au Kivule, hata uwe na miaka mingapi na hela kiasi gani, sedani hii itakula bushi na shokapu kila msimu wa mvua.

Wazee wetu

Mzee wa 60 kwenda juu hasumbuliwi na kasi, anasumbuliwa na magoti na mgongo. Mpeleke yadi aingie na kutoka mara kadhaa, siti za Mark X ziko chini, Crown Royal ni rahisi kidogo. Kuna wazee bado wana Benz zao za W123 na W124 toka miaka ya 80 na 90 na hawataki kusikia habari nyingine, na mimi nawaunga mkono kabisa, zile gari fundi anazirekebisha kwa spana na akili, hazina kompyuta ya kukugomea. Mkiwa watoto msimuuzie mzee gari lake ili mumnunulie la kisasa asilolielewa. Muulizeni.

Siku ya kwenda kuangalia gari

Nenda asubuhi na mwambie dalali asiliwashe kabla hujafika, ukikuta boneti lina moto ujue kuna kitu kimefichwa. Nenda na fundi wako, sio wa kwake, na awe fundi anayeshughulika na aina hiyo hiyo, fundi wa Noah sio fundi wa BMW hata akiwa shemeji yako. Washa, angalia moshi, taa zote za dashibodi ziwake alafu zizime, ile ya injini isipowaka kabisa ukifungulia swichi basi imetolewa au imefunikwa. Washa AC uache dakika ishirini sailensa ikiwa chini. Pita kwenye matuta taratibu ukiwa umezima redio, kata kona mpaka mwisho pande zote, paki alafu tazama chini.

Soma tarehe za tairi, namba nne ubavuni, 1823 maana yake wiki ya 18 ya 2023. Tairi nne za kampuni nne tofauti zinakuambia huyo mtu alitunzaje vitu usivyoviona. Linganisha namba ya chasisi na kadi, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone faini, alafu kama gari ndo kwanza limetoka Japani omba karatasi ya mnada, daraja 4 au 4.5 ni zuri, ukikuta R lilishapata ajali likatengenezwa. Na kilometa za kwenye karatasi zifanane na za dashibodi, hapa ndo wengi wanaumbuka.

Kama unaagiza mwenyewe, gari likizidi miaka 8 Tanzania linaongezewa ushuru wa uchakavu na likipita 10 linapanda zaidi, kwa hiyo S180 ya bei rahisi kule inaweza kukutoza kodi kubwa kuliko bei yake, tumia kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) kabla ya kutuma dola. Kenya likizidi miaka 8 haliingii kabisa, Uganda mwisho ni 15.

Ukishalipata

Wiki ya kwanza mwaga kila kitu, oili ya injini, ya gia boksi, ya difu, ya breki, na kulanti weka kulanti, maji ya bomba yanakula rejeta na pampu. Watakuambia oili ya gia boksi hii ni ya maisha, haibadilishwi. Kwa joto na foleni zetu mimi nabadilisha kila kilometa 60,000 kwa oili ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na sijawahi kuona aliyefanya hivyo akajuta, ila asikupe oili ya rangi nyekundu tu kwa sababu ni nyekundu.

Risiti zote weka kwenye faili moja, na tarehe na kilometa. Siku ukiliuza hilo faili linakuongezea hela kuliko kupiga polishi, na siku hiyo hiyo ya kuuza nenda na mnunuzi TRA mbadilishe jina kwenye kadi, mana asipobadilisha, kila akipigwa tochi Mikumi au Wami faini inasoma kwako.