Mambo ya kuweka tayari kabla sumu haijaingia kwenye tangi la matumbawe

Wadau wa matangi ya matumbawe, yaani sisi tunaofuga matumbawe hai kwenye tangi la kioo, cha kwanza kabisa ni maji, yaani maji chumvi yaliyokwisha kukorogwa, yakae kwenye pipa lenye mfuniko, angalau nusu ya ujazo wa tangi lako. Chumvi ukiikoroga leo inataka izungushwe na pampu kama siku nzima hivi ndo itulie, sasa dawa ya mbu ikishaingia hiyo siku nzima utaitoa wapi? Mi yalinikuta, mtu kapuliza dawa chumba cha pili, pampu ya hewa ikaivuta ikaishusha kwenye maji, nafika nakuta kamba wamelala chali miguu inatetemeka na pipa langu kavu. Iliniuma sana. Kamba ndo wanaondokaga wa kwanza, ukiwaona hivo usisubiri, fungua madirisha na anza kutoa maji.

Na utoe mengi. Ukibadilisha nusu inabaki nusu ya sumu, ukirudia inabaki robo, ila ukienda na asilimia 10 mara tano bado umebaki na karibu asilimia 59. Maji mapya yalingane na ya tangi, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, joto nyuzi 25 au 26, maana tumbawe lishaumia alafu ulipige na baridi tena, hapana jamani.

Kaboni, ule mkaa maalumu wa kuchujia maji, weka ya akiba, isuuze kwanza vumbi litoke. Inanasa dawa za wadudu na manukato vizuri, ila shaba usiitegemee, tafuta kichujio maalumu cha metali. Shaba inaingia kupitia dawa za samaki au koki, na samaki anaweza kuonekana mzima kabisa huku konokono wanadondoka kwenye kioo. Kwa klorini, ile dawa ya maji ya bomba, weka akiba ya sodiamu thaiosalfeti inayoiondoa.

Ndoo ya tangi iandike kwa maka peni, isiguse sabuni hata siku moja. Sabuni ikiingia, skima, yaani kile kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu, inafurika mapovu, we elekeza mpira wake kwenye ndoo nyingine iendelee kutoa.

Alafu uwe na kipimo cha amonia, ile sumu inayotoka kwenye vitu vinavyooza, ambacho hakijaexpaya, upime kila siku wiki nzima, kwa sababu vijidudu vilivyofia ndani ya mawe huvioni, na vikianza kuoza maji yanaharibika upya wakati we ushajua yameisha.