Akwariamu ya kina kifupi isiyo na fremu: ninavyoiunda hapa Goma

Umeme ukikatika saa mbili za usiku na kurudi kesho yake mchana, akwariamu ya kwenda juu inageuka kaburi. Nasema hivyo kwa sababu nilizika samaki wanane kwa usiku mmoja. Pampu ikizima, oksijeni inaingia kupitia uso wa maji tu, na chombo kirefu chembamba kina uso mdogo. Tena Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji yetu yanashika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko maji ya joto lilelile kule Mombasa. Tangu hapo naunda za kina kifupi peke yake: pana kama sinia, wazi juu, bila fremu. Kwamba ni nzuri kutazama, hiyo ni nyongeza.

Hatua ya 1: vipimo na vioo

Yangu ya sasa ina urefu wa sentimita 80, upana 40 na kimo cha 20. Kioo ni cha milimita 6 kote. Wengi huuliza kama hicho kinatosha bila fremu ya kushikilia juu. Kinatosha, kwa kuwa kinachosukuma ukuta ni kimo cha maji, si wingi wake. Ila ukitaka kuta za sentimita 40, usiazime hesabu hii. Hapo unahitaji kioo kinene zaidi.

Mpelekee fundi wa vioo karatasi hii:

Sakafu: kipande 1, 80 × 40
Mbele na nyuma: vipande 2, 80 × 20
Mbavu: vipande 2, 38.6 × 20

Hiyo 38.6 si kosa la kuandika. Kuta zinasimama juu ya sakafu, na mbavu zinaingia kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma. Kwa hiyo 40, toa unene wa vioo viwili (1.2), toa tena milimita 2 za silikoni, moja kila upande.

Kabla hujalipa, simamisha vipande pacha vikiwa vimeegemeana. Vikipishana hata milimita moja, akate upya. Mwombe pia asage kingo zote, maana bila fremu ndizo utakazogusa kila siku. Mzigo mzima ni kilo 12 hivi. Wangu ulitoka mtaa wa Birere kwa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mkono), vioo vimesimamishwa wima kati ya vipande vya godoro. Ukivilaza, mawe ya barabara zetu yatavimaliza kabla hujafika nyumbani.

Hatua ya 2: silikoni

Hapa ndipo watu wanapoua samaki bila kujua. Silikoni ya bafuni mara nyingi imetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Ukiona kwenye mrija maneno «anti-moisissure» au «sanitaire», rudisha. Tafuta ya vioo, silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka. Nikiwa na haraka siku moja nilinunua mrija ambao maandishi yake yalikuwa yamefutika. Sitarudia.

Hatua ya 3: kuunganisha

Fanya kwanza majaribio makavu: simamisha kuta zote juu ya sakafu, zishike kwa skochi (utepe wa kunata), uone kama zinakutana. Halafu zitoe, futa kila ukingo kwa alkoli ya duka la dawa, na usiguse tena kwa vidole. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuvujisha maji.

Bandika skochi ya karatasi ndani na nje, milimita 5 kutoka kwenye kila mstari wa kiungo. Unaona ni kazi ya bure, lakini ndiyo inayotofautisha akwariamu ya fundi na ya mtoto. Andaa pia vipande vya skochi vilivyokwisha kukatwa, kwa sababu ukishaanza huna mkono wa tatu. Mimi humwita mdogo wangu anishikie, kwa masharti kwamba haongei.

Piga mstari wa silikoni usiokatika kwenye sakafu, pale ukuta wa nyuma utakaposimama. Usimamishe, kandamiza kidogo. Fuata ubavu wa kushoto, wa kulia, na ukuta wa mbele mwisho, kila mara ukipaka na ukingo wa wima. Usikandamize mpaka kioo kiguse kioo: ile milimita moja ya silikoni ndiyo inayoshika. Ukiona povu la hewa ndani ya kiungo, toa, safisha, anza upya. Usijidanganye kwamba litajiziba.

Ndani ya dakika tano pitisha kidole chenye maji ya sabuni kwenye kona za ndani, mara moja tu kwa kila kona, kisha bandua skochi silikoni ikiwa bado mbichi. Iache siku saba. Wembe wa kusafisha mabaki usubiri hadi mwisho wa siku hizo.

Hatua ya 4: majaribio na meza

Ipeleke uani, chini yake magazeti, ijaze, ngoja saa 48. Gazeti halidanganyi.

Ikijazwa hadi sentimita 17 inabeba lita 52, na pamoja na kioo na mawe unakaribia kilo 80. Meza iwe imara na sawa kabisa, kwani kwenye maji mafupi hata mwinamo wa milimita tano unaonekana toka mlangoni. Chini ya kioo weka frigoliti, ile nyeupe inayofungia televisheni mpya.

Kwa nini 17 na si 20? Mwaka 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei, ardhi ilitetemeka siku kadhaa. Akwariamu yangu ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Kioo kilipona, zulia halikupona.

Hatua ya 5: mawe

Wenzetu wa nchi nyingine wananunua mawe ya lava kwa kilo. Sisi tumejengea kuta za nyumba. Chagua yenye matundu mengi, ambamo bakteria wanaosafisha maji hujificha, yasugue kwa brashi bila sabuni na uyachemshe. Chini yake weka changarawe kwanza, kwa sababu lava inakwaruza kioo.

Jiwe kubwa moja lisikae katikati; lipeleke kwenye theluthi ya upande mmoja na uliache litokeze juu ya maji kama kisiwa. Changarawe ishuke toka sentimita 6 nyuma hadi 2 mbele. Kumbuka chombo hiki utakitazama zaidi kutoka juu ukiwa umesimama, kwa hiyo panga ukiwa umesimama. Ukichuma majani ziwani, toa kila konokono (wengine hubeba kichocho) na uyaloweke kwenye ndoo siku tatu.

Hatua ya 6: maji na samaki

Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini iondoke. Maji ya mvua ya paa siyatumii: moshi wa volkano huyatia asidi. Ya ziwa yanafaa, lakini pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inakaribia 9, na kwenye maji ya namna hiyo amonia ya kinyesi cha samaki inakuwa kali zaidi. Ndiyo sababu nangoja wiki sita na majani peke yake, bakteria wa kusafisha maji waongezeke, halafu naingiza haplochromis wadogo watano (samaki wa jamii ya sato) wa Ziwa Kivu, dume mmoja tu. Sambaza, dagaa wa Kivu, mwache ziwani na kikaangoni. Ni samaki wa makundi ya maji wazi, na akishikwa mkononi tu hufa.

Maji mafupi hupoa haraka usiku, basi usiweke karibu na dirisha. Badilisha lita 10 kila wiki. Na samaki wa ziwani huruka: wiki mbili za mwanzo funika kwa kipande cha chandarua.