Jinsi ya kumtazama chozi wa Pemba bila kumsumbua

Chozi wa Pemba, ndege mdogo asiyepatikana popote duniani isipokuwa Pemba na visiwa vidogo vya jirani, mtafute asubuhi mapema kwenye maua ya mgomba, kisha simama mbali kidogo na utulie. Dume huonekana mweusi, lakini jua likimpiga hung'aa zambarau na kijani. Mimi sichoki kumtazama. Ukiona kifuko cha nyasi kinachoning'inia, kilichoshikizwa kwa utando wa buibui, hicho ni kiota: ondoka, wala usikate tawi lake. Misitu mingi ya kisiwa ilifyekwa kupisha mikarafuu, msitu wa Ngezi ukasalia; kwa hiyo unapopalilia shamba lako, viache vichaka vya mpakani vichanue.