Jinsi ya Kuchagua Kati ya Nafasi za Uzamivu katika Saikolojia ya Kazi na Mashirika

Barua za kukubaliwa katika masomo ya uzamivu hufanana sana. Kila moja huanza kwa pongezi, hutaja posho na muda wa ufadhili, kisha huweka tarehe ya mwisho ya kujibu. Mambo yatakayoamua kama utamaliza, utamaliza ukiwa na hali gani na utaajiriwa wapi, kwa kawaida hayamo katika barua hizo, na mwombaji hulazimika kuyatafuta mwenyewe katika wiki chache.

Kwa bahati nzuri, fani unayotaka kuisomea ndiyo inayofundisha namna ya kuyatafuta. Tangu mwaka 1921, Bruce V. Moore alipotunukiwa katika Carnegie Institute of Technology shahada ambayo wengi huihesabu kuwa uzamivu wa kwanza wa saikolojia ya viwanda, kama fani hii ilivyoitwa zamani, wataalamu wa fani hii wamekuwa wakirudi kwenye swali moja: nani anafaa kazi gani, na hilo litajulikanaje kabla hajaianza? Miongoni mwa majibu yaliyothibitishwa vizuri zaidi ni usaili wenye mpangilio, yaani kumuuliza kila mtu maswali yale yale na kuyapima majibu yake kwa kipimo kile kile. Uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, uliuweka usaili wa namna hii juu kabisa kati ya mbinu za kutabiri utendaji kazini. Mwombaji anayezunguka vyuo kadhaa hufanya kinyume chake: huku anauliza hili, kule anauliza lile, na mwishowe anachagua mahali alipochekewa zaidi. Ushauri wangu ni kwamba uigeuze meza, uzisaili programu kwa nidhamu ile ile ambayo wewe mwenyewe ungependa kusailiwa nayo.

Kabla ya kuandika swali lolote, chambua kazi unayoitaka baada ya shahada. Anayelenga uprofesa anahitaji mahali ambapo wanafunzi huchapisha makala wakiwa waandishi wa kwanza, hasa katika majarida kama Journal of Applied Psychology na Personnel Psychology, na ambapo wahitimu wa karibuni wamepata ajira za vyuoni, zikiwemo za shule za biashara, ambazo kwa kawaida huwalipa wahadhiri vizuri kuliko idara za saikolojia. Anayelenga ushauri wa kitaalamu, upimaji wa waajiriwa au uchambuzi wa takwimu za wafanyakazi ndani ya kampuni anahitaji programu yenye miradi halisi na waajiri, inayomruhusu mwanafunzi kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo bila kumhesabu kuwa ameasi. Kama bado hujaamua, na wengi wa umri wako hawajaamua, basi kigezo chako cha kwanza ni programu ambayo wahitimu wake wamekwenda pande zote mbili. Omba orodha ya ajira za kwanza za wahitimu wote wa miaka mitano iliyopita, si ya wale wawili au watatu wanaotajwa katika matangazo. Programu isiyoweza kuitoa orodha hiyo nayo imekupa jibu.

Swali zito kuliko yote ni la msimamizi. Utakaa naye miaka mitano hivi, kuanzia utafiti wa uzamili ambao programu nyingi za Marekani huudai njiani, kupitia mitihani ya kufuzu, hadi tasnifu. Muulize yeye mwenyewe kama ana mpango wa kustaafu, kuhama au kuchukua likizo ya utafiti ndani ya kipindi hicho. Ni swali la haki, na profesa mwadilifu hulijibu bila kinyongo. Muulize amesimamia wangapi hadi mwisho, wangapi waliondoka njiani, na mwanafunzi akitoa wazo na kukusanya takwimu, jina la nani hutangulia katika makala. Kisha hesabu ni wahadhiri wangapi wengine wa fani hii ungeweza kufanya nao kazi. Programu nyingi ni ndogo, na ile yenye wahadhiri watatu hubadilika kabisa mmoja wao akiondoka, ilhali yenye sita au saba huweza kukupokea kwingine. Kwa sababu hiyo naona ni hatari kuchagua chuo kwa ajili ya mtu mmoja tu, hata akiwa maarufu namna gani, ikiwa nyuma yake hakuna mwingine.

Wanafunzi waliopo ndio watakaokupa picha halisi ya kazi. Zungumza nao mmoja mmoja, bila mhadhiri kuwepo, na uwatafute walio katika mwaka wa nne na wa tano, kwa maana wa mwaka wa kwanza bado wana furaha ya kufika. Badala ya kuwauliza kama wameridhika, waulize mambo yenye jibu la kutajika: mara ya mwisho rasimu yako ilikaa kwa msimamizi siku ngapi? Kiangazi kilichopita ulilipwa na nani? Ni nani aliyeacha masomo, na kwa nini? Majibu yaandike jioni ile ile, uyape alama papo hapo kabla hujazungumza na programu nyingine, kwa kuwa kumbukumbu ya ukarimu wa mwisho hufunika yote yaliyotangulia. Ukiweza kumpata aliyeacha masomo, msikilize kwa makini. Huenda ana uchungu, lakini mambo anayoyajua hakuna mwingine atakayekueleza.

Fedha zinahitaji kalamu na karatasi. Posho ya miezi tisa haiwezi kulinganishwa na ya miezi kumi na miwili kwa kutazama jumla peke yake, wala neno kwamba ada imesamehewa halimaanishi kwamba michango mingine ya lazima imesamehewa pia. Chukua mfano wa chuo kinachotoa dola 24,000 kwa mwaka lakini kinamdai mwanafunzi dola 2,500 za michango na bima ya afya, na kingine kinachotoa dola 22,500 huku kikilipa yote hayo: cha pili kinakuachia dola 1,000 zaidi, ingawa barua yake inaonekana nyonge. Baada ya hapo linganisha na kodi ya nyumba ya mji husika. Uliza pia ufadhili umehakikishwa kwa miaka mingapi, kwa maandishi, na ni kazi gani inayodaiwa badala yake. Saa 20 kwa wiki za kusaidia utafiti unaoingia katika tasnifu yako si sawa na saa 20 za kusahihisha mitihani. Kuomba nyongeza kwa adabu, ukieleza kwamba una nafasi nyingine yenye posho kubwa zaidi, si kosa, ingawa mara nyingi viwango hupangwa na idara na jibu huwa ni hapana.

Mwombaji anayetoka nje ya Marekani na kwenda huko ana swali moja zaidi ambalo wenyeji hawatalifikiria kwa niaba yake: shahada hiyo imesajiliwa kwa msimbo gani, yaani namba gani inayotambulisha fani yake serikalini? Mnamo Januari 2022, fani hii, ambayo huko huitwa saikolojia ya viwanda na mashirika na ina msimbo 42.2804, iliongezwa katika orodha ya serikali ya fani za sayansi na teknolojia, orodha inayomwezesha mhitimu mwenye viza ya mwanafunzi kuomba miezi 24 ya kazi juu ya ile 12 ya kawaida. Programu iliyosajiliwa chini ya msimbo wa saikolojia kwa jumla inaweza kukunyima nyongeza hiyo hata kama masomo ni yale yale. Vilevile, mafunzo kwa vitendo ya muda wote yanayofanywa kabla ya kuhitimu yakifika miezi 12 huondoa haki ya kuipata ile miezi 12 ya baada ya kuhitimu katika ngazi hiyo ya shahada. Yaulize yote mawili katika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, si kwa profesa.

Yako mambo mawili yanayowasumbua waombaji bila sababu ya kutosha. La kwanza ni ithibati. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, huthibitisha programu za uzamivu za tiba, za ushauri nasaha na za shule, wala hakithibitishi za saikolojia ya kazi. SIOP, jumuiya ya wanasaikolojia wa kazi na mashirika ambayo ni divisheni ya 14 ya chama hicho, hutoa miongozo ya mafunzo bila kutoa ithibati. Kinachotakiwa ni chuo chenyewe kiwe na ithibati yake. La pili ni orodha za ubora. Baadhi hujengwa juu ya hesabu ya makala za wahadhiri, nyingine juu ya maoni ya wanafunzi, na programu moja huweza kuwa juu katika hii na chini katika ile. Zitumie kujua majina ya vyuo, kisha uziweke kando.

Kuhusu muda, vyuo vingi vya Marekani vimeridhia azimio la baraza la shule za uzamili linalosema kwamba mwombaji aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ukishinikizwa kujibu mapema na chuo kilichoridhia, litaje azimio hilo kwa upole. Lakini usiutumie muda wote bila haja. Mara tu nafasi moja inapozidiwa na nyingine kwa vigezo vyako vyote, iachie siku hiyo hiyo, kwa kuwa yuko mtu katika orodha ya kusubiri ambaye maisha yake yamesimama kwa ajili ya barua hiyo. Zikibaki mbili na alama zake zikalingana, rudi kwa wasimamizi wote wawili na umwombe kila mmoja akueleze mwaka wako wa kwanza utakuwaje: utafiti gani utaanza nao, utakutana naye mara ngapi, na ni nini kinachotarajiwa kiwe kimekamilika kufikia kiangazi. Mmoja atakuwa ameshafikiria. Mwandikie huyo kwamba umekubali, subiri uthibitisho wake wa maandishi, kisha mpigie simu yule mwingine kabla hajazisikia habari hizo kwa watu, kwa sababu wote wawili utakutana nao katika mkutano wa SIOP kila mwaka.